Mtahiniwa wa Daraja la Kwanza: Maisha ya Mwalimu Obadiah Mwasaru

Waombolezaji wapendwa, wachungaji wetu, waheshimiwa mliopewa viti vya mbele, na ninyi mliosimama huko nyuma kwenye jua ambao kwa kweli ndio mliomjua marehemu, familia imempa kazi ya kusoma haya yule mjukuu ambaye hakuhitaji kuomba ruhusa kazini, kwa sababu degree anayo lakini kazi hana, ndiye mimi, kwa hivyo tulieni, haitakuwa fupi, na mwenye maisha haya hakuwa mtu wa maneno mafupi hata siku moja.

Mwalimu Obadiah Mwasaru alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 huko Werugha, kitinda mimba wa marehemu Mwasaru na marehemu mama Wakio, akabatizwa mwaka huohuo, na baba yake akafariki mwaka wa 1943 akifanya kazi katika shamba la mkonge kule chini karibu na Voi, jambo ambalo mama Wakio hakulisahau, kwani kila mara Obadiah alipochelewa kuamka alimwambia, "Lala tu mwanangu, mkonge unakungoja," na kijana aliruka kitandani kama amemwagiwa maji.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1944, akitembea na ubao wake kwapani katika ukungu ule wa asubuhi ambao wazee wetu bado wanauzungumzia kwa mapenzi kana kwamba ulikuwa ndugu yao, akapita mitihani yote, na Januari 1953 akaingia shule ya sekondari ya misheni huko juu mlimani, ambako alikutana na rafiki yake wa maisha, Mzee Donald Mwadime, huyu aliyeketi hapa na fimbo yake, wakalala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka minne. Siku zile sekondari hazikuwa kama hizi zenu za kila kata, walikuwa vijana kumi na mmoja tu darasani, wengine tayari wana ndevu, wanasoma kwa taa ya karabai, wanalima mboga zao wenyewe, na Kiingereza chao, by the way, kilikuwa kimenyooka kuliko cha watu wengi walionihoji mimi kazi juzi, kwa maana walikisema tangu kengele ya asubuhi, na aliyeteleza akaongea Kidawida, Kitaita chetu, alivishwa kipande cha gome shingoni mpaka apatikane mwingine wa kuteleza.

Sasa, ili muelewe maisha ya Mwalimu, lazima muelewe mtihani wa mwaka 1956, kwa sababu mengine yote yalizaliwa hapo, ndoa yake ikiwemo. Mtihani wa cheti ulitoka Uingereza, na pamoja na karatasi za kuandika kulikuwa na mtihani wa kuzungumza, ambapo mtahini alisafiri mwenyewe kutoka Nairobi kuja kumsikiliza kila mwanafunzi akiongea, na aliyeanguka Kiingereza alikuwa ameanguka vyote, hata kama hesabu alizimeza nzima. Obadiah alikuwa ameshaahidiwa nafasi ya chuo cha ualimu endapo angefaulu, na endapo hangefaulu, kila mtu alijua njia ya kushuka kwenda kwenye mkonge ilikuwa wapi.

Jumatano tarehe 17 Oktoba 1956 mtahini akafika, Bwana Ainsley, mzee mwenye mvi na miwani, mpole, amechoka na vumbi la barabara, na kwa vile alikuwa mgeni wa mbali, wazazi walikuwa wameleta jogoo, viazi na kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe, na wanafunzi wenyewe wakamnawisha mikono, wakampakulia, wakasimama kando mpaka akashiba, wala hakuna aliyewaza kwamba hapo ndipo walipojifunga kamba. Maana kwa Wadawida wa malezi yale, mgeni aliyekula chakula chako habishiwi, akisema jua limechomoza Taveta, magharibi kwetu, unaitikia, akisema ng'ombe wako ni punda unashukuru, na unabaki hivyo mpaka umsindikize na kumwacha barabarani, nje ya mipaka yenu, ndipo anageuka kuwa mtu kama watu wengine.

Bwana Ainsley hakuyajua hayo, na njia yake ya kupima Kiingereza ilikuwa moja, kumwonyesha mwanafunzi picha ya soko la mji mdogo wa Uingereza wakati wa theluji, kisha kusema uongo kwa makusudi, na kungoja asahihishwe. Akaanza na Donald, akamwambia, "What a hot day it is in this picture," Donald akaitazama theluji, akamtazama mzee aliyekula jogoo wao, akajibu, "Yes, sir," akaambiwa yule kondoo ni mbwa, "Yes, sir," akaambiwa wale watu wote wamelala, "Yes, sir, very much," akatoka nje amejawa na fahari ya adabu zake. Wakaingia wote mmoja baada ya mwingine, na zamu ya Obadiah ilipofika, kiranja wa darasa, tumaini la mama Wakio, naye akakubali kwamba yule mama mwenye kikapu alikuwa askari.

Jioni hiyo Obadiah ndiye aliyembebea mtahini mkoba kumpeleka kwa padre, mkuu wa shule, na akiwa barazani akamsikia mgeni akisema kwa huruma kabisa kwamba ni vijana wazuri sana, wana adabu ajabu, ila hakuna hata mmoja anayeelewa Kiingereza, amewategea mitego ambayo mtoto angeiruka na wote wamezama. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba palepale ndipo kwa mara ya kwanza alielewa kuwa uongo ule ulikuwa ndio swali. Mgeni alipoingia kuoga, akamwendea padre, akamweleza habari ya jogoo, na padre, aliyekaa Taita miaka mingi bila kuijua Taita, akamjibu, "Obadiah, mtihani umekwisha, nenda ukalale," hivi tu, mlango ukafungwa, na ninyi mliowahi kuambiwa "we shall call you" mnaufahamu mlango huo.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Ainsley alishuka na gari la misheni kwenda Voi kungoja treni ya mchana ya kurudi Nairobi, na wanafunzi wote wakamsindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa, wakapunga mikono, na gari lilipopotea kwenye kona Obadiah akawageukia wenzake akawaambia, "Jamani, huyu sasa si mgeni wetu." Wakamwangalia kama mtu aliyepandwa na homa. "Tumemlisha, tumemsindikiza, ameondoka kwetu," akasema, "Voi si kwetu, stesheni ni ya serikali, mimi nakwenda kumbishia." Donald akamuuliza kama anajua kwamba kutoka shuleni bila ruhusa ni kufukuzwa, akajibu, "Tufukuzwe tukiwa tumeanguka, au tufukuzwe tukiwa tumejaribu, chagua," na lori la mboga la kwenda Voi lilipopita likipumua kwenye mteremko, dereva aliona kabichi zake zimeota vichwa kumi na kimoja vya watu, akapaza sauti, "Mkizikalia zikapasuka mtazila mbichi!"

Wale mliozaliwa juzi hamuijui Voi ile, yenye maduka ya mabati yanayohesabika, vumbi jekundu, harufu ya makaa ya treni na ya mandazi kutoka nyumba za Waswahili nyuma ya msikiti, mji ambao watoto wa milimani waliuona kama Ulaya. Getini mwa stesheni alisimama karani, Bwana Kombo, mtu wa pwani, kanzu ndani na koti la reli juu, akawazuia kwa mkono mmoja, "Enyi, mwaenda wapi na majani ya kabichi vichwani, hapa si shambani." Obadiah akamwamkia, "Shikamoo mzee, tunataka kubishana na yule Mzungu aliyeketi pale." Kombo akamtazama, akamtazama Mzungu, akauliza, "Kubishana kwa maneno au kwa ngumi?" akaambiwa kwa maneno, tena ya Kiingereza, akafungua geti pana, "Haya piteni wanangu, miaka yote niliyo hapa hilo sijaliona, na mimi nasogea karibu nisikie."

Bwana Ainsley alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai alichokinunua mwenyewe, jambo ambalo Obadiah alihakikisha kwanza, kisha akasimama mbele yake, akasema kwa Kiingereza kile cha gome shingoni, "Good afternoon, sir, yesterday you told me that woman was a soldier, you were wrong, sir." Kikombe kikarudi kwenye sahani. Akamweleza yote, kwamba jana bwana alikuwa amekula kuku wao na mgeni aliyekula habishiwi, lakini leo hajala chochote chao, amekwisha kusindikizwa, na wenzake wako tayari kumkatalia chochote atakachosema. Mzee akavua miwani akaifuta, akasema, "Then I may tell you now that the chicken was very tough," na Obadiah, bila kupumua, akamrudishia, "That is not true, sir, my mother chose it herself," na Kombo, ambaye Kiingereza cha reli alikuwa nacho cha kutosha, akapiga paja lake, "Wallahi kimeanza!"

Ndugu zangu, huo ndio ulikuwa mtihani. Picha ya theluji ikatolewa tena mkobani, ikawekwa juu ya sanduku, na vijana wa milima wakajipanga kwenye kivuli cha paa la stesheni, kila mmoja akija na kukataa, hapana bwana, huyu ni kondoo, kwa sababu mbwa hanyolewi, hapana bwana, hawa hawakulala, aliyelala hawezi kushikilia kofia yake kwenye upepo, wakaeleza, wakafafanua, wakarusha mikono, wapagazi wakaacha mizigo, mama wa mandazi akauliza nani amemwibia nani, na kalamu ya Bwana Ainsley ikawa haipumziki. Obadiah kama kiranja alijiweka mwisho, kwa sababu ndivyo viranja wa enzi hizo walivyokuwa, siku hizi kiongozi anajiweka wa kwanza, wa pili anamweka shemeji yake, msininyamazishe, nasoma.

Tatizo likawa Donald. Alisimama mbele ya mtahini, akaambiwa theluji ni mchanga, akafungua mdomo, na kilichotoka ni "Yes, sir," malezi yakawa yamemshinda, akaondoka machozi yanamlenga. Moshi wa treni ulikuwa umekwisha kuonekana upande wa Maungu, na iliyobaki ilikuwa zamu moja, ya Obadiah, naye akamshika Donald mabega akamrudisha mbele, "Anza tena, mimi nitafuata," wote wawili wakijua vizuri kwamba huenda hakutakuwa na kufuata. Bwana Ainsley akaifunika picha, akamtazama yule kijana, akasema polepole kwamba amezunguka Taita yote na haoni kitu cha maana pale, vijilima tu, Voi ni pazuri zaidi. Mzee Donald, wewe upo, utanisahihisha, lakini Mwalimu alisema ulinguruma "NO, SIR!" mpaka mbuzi wa stesheni wakakimbia, kisha ukamwaga Kiingereza chote ulichokusanya miaka minne, mito, migomba, majabali ya Vuria, ukungu, maji baridi, hata nyanya yako ulimtia humo, na ulipomaliza, treni ilikuwa imeingia, imebeba watu, inapiga honi, na Bwana Ainsley anapandishwa daraja la kwanza na mkoba wake, akimwambia Obadiah, "I am sorry, my boy, I truly am."

Wenzake kumi wamejiokoa, yeye bado ameandikwa kwamba hajui Kiingereza. Treni ikaanza kusogea, akaona mama Wakio, akaona mkonge, akaruka. Alirukia behewa la daraja la kwanza, ambalo mwaka ule Mwafrika aliliingia akiwa na ufagio tu, akamkuta Bwana Ainsley amekaa, na kabla hata hajavuta pumzi mkaguzi wa tiketi, mwanamume mnene mwenye masharubu, akawa mlangoni, "Ticket!" Obadiah akajibu, "I have no ticket, sir, because I am not a passenger." Akaulizwa yeye ni nini basi. "I am a candidate, sir." Mkaguzi akamwambia watu wake wako daraja la tatu huko nyuma, akasema, "With respect, sir, my examination is not in third class," mkaguzi akamwonyesha tangazo ukutani kwamba kila msafiri awe na tiketi, akalisoma kwa sauti, matamshi safi, kisha akasema tangazo hilo limesahau kabisa kuwataja watahiniwa, na kosa la mwandishi asitwishwe msomaji, wakaenda hivyo, mmoja anawaka, mwingine anaomba radhi kwa adabu zote na kukataa kila neno, huku Bwana Ainsley amejibanza dirishani akiandika, mabega yanamtikisika kwa kicheko, mpaka treni ikasimama Ndi, ambapo mtahiniwa alishushwa kwa kola ya shati. Dirisha likafunguliwa, mzee akatoa kichwa akamwambia, "That will do very nicely, Mwasaru," treni ikaondoka, na yeye akabaki nyikani bila hata kofia.

Ndi ilikuwa vibanda vya wafanyakazi wa reli tu na pori la tembo pande zote, na nyapara wa hapo, marehemu Muli, Mkamba mwenye sauti ya radi, akamuuliza, "Wewe kijana, unataka kurudi Voi kwa miguu, simba umewaandikia barua?" akamlaza kwake, na binti yake akamletea sahani ya mahindi na maharagwe, akamtazama akila, akauliza, "Ni wewe umetupwa kwa kubishana na watu wa treni? Hufanani na mtu anayejua kubishana." Alitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshameza kijiko cha kwanza, mgeni naye ana adabu zake, akanyamaza. Binti huyo ni Nyanya Jedidah Mumbe, huyu hapa mbele yenu, na hajawahi kunyamaza.

Aliporudi shuleni alivuliwa ukiranja, na darasa zima likachimba matuta ya bustani ya padre mpaka mwisho wa muhula, lakini hakuna aliyefukuzwa, na Machi 1957 majibu yalipokuja, wote kumi na mmoja walikuwa wamefaulu Kiingereza, Donald kwa tundu la sindano, Obadiah kwa alama ya juu kuliko wote, na mama Wakio, ambaye Kiingereza hakujua hata neno, alikwenda kumweleza kila jirani kwamba mwanawe alisomea ndani ya treni.

Mwalimu alihitimu ualimu Desemba 1958, akaanza kazi Januari 1959 huko Voi, na Jumamosi tarehe 22 Agosti 1959 akamwoa Jedidah Mumbe binti Muli, mahari yakiwa yamejadiliwa kwa Kikamba, Kidawida na kelele. Baadaye alifundisha Makwasinyi na Njukini, na kwa miaka mingi akawa mtahini wa Kiingereza cha kuzungumza kwa wanafunzi wa Form Five na Form Six wa wilaya nzima, mpaka mfumo ule ulipoondolewa. Wakuu wa shule mlioko hapa, mlisema ana maringo, anafika amechoka, anawekewa chai na kuku, anakataa hata maji, sasa mmejua, alikuwa anawaachia watoto wenu midomo yao, na jioni, mtihani ukishaisha, ndipo alikula mpaka mkashangaa. Sisi wa leo tumekaa mbele ya panel za interview tukisema "yes, sir" mpaka shingo zikauma, hakuna aliyetutega ili tuinuke, wanatutega ili tuanguke, na ndiyo maana enzi zile zinatuuma hata sisi ambao hatukuzaliwa.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Stephen, Tryphena, Wakio na marehemu Thadeus, wajukuu wengi na vitukuu.

Desemba 2022 Mwalimu alipatwa na kiharusi, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa amepoteza sauti, na daktari alipotuambia hatujui anaelewa kiasi gani, Nyanya alimsogeza daktari kando, akainama sikioni mwa mumewe akasema, "Obadiah, mimi ni Mtaita, wewe ni Mkamba," na kichwa kile kikatikisika kwenye mto, hapana, hapana. Kuanzia hapo kila asubuhi alimletea uongo pamoja na uji, leo ni Krismasi, Donald amekuwa waziri, huyu mjukuu wako amepata kazi, naye akakataa kila mmoja, na sisi tukafurahi, tukijua yupo. Ijumaa tarehe 9 Juni 2023 asubuhi Nyanya akamwambia mvua imenyesha usiku kucha na mto umefurika, na nje kulikuwa kukavu kama mfupa, akangoja, akamwambia tena, Mwalimu akamtazama kwa upole, hakukataa, kama mgeni aliyekwisha kushiba, na kabla ya saa sita alikuwa ametutoka, akiwa na umri wa miaka themanini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao nao wengine hawajalipwa mishahara lakini walikuja, inawashukuru majirani walioleta kuni, maji na mabega yao, walimu wenzake wa zamani waliosafiri kutoka Taveta na Kasigau, wanafunzi wake waliojaa mpaka barabarani, na Mzee Donald, aliyekaa na mwili tangu jana akimsimulia habari. Kwa Nyanya Mumbe hatuna neno ila chawucha, asante.

Mwalimu Obadiah Mwasaru, mwana wa Wakio, wenzako walivuka na wewe ukavuka, pumzika sasa, kwa amani yote.